Njia ya Kijani Mbele ya Cherehani

12 Januari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo na huyo mjukuu wangu ambaye naambiwa meno ya mbele yameanza kumtoka na bado anadai nyama. Sisi hatujambo. Mzee masikio ndiyo hayo. Redio anaifungulia mpaka jirani wa ghorofa ya pili anapata habari kabla yangu. Mimi mabega ni yaleyale, ila goti la kulia limeanza kunidai kila nikipanda ngazi.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kuulizana kama maji yamerudi. Jambo lenye uzito naliandika, ulisome mara mbili, usije ukasema hukusikia vizuri.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa kumi na moja walikuja watu wa baraza la mji na ndoo za rangi. Sehemu yote ya kuegesha magari mbele ya maduka yetu, kuanzia kwa muuza vyuma mpaka karibu na makutano, wakaipaka kijani na kupanda vijiti vya plastiki kandokando. Wakasema hiyo ni njia ya baiskeli, ya majaribio, na itapimwa kama inafaa. Wateja wangu wa sare za shule walikuwa wakiegesha hapa mlangoni. Sasa wanazunguka mtaa mzima, na wakifika kwangu hata kiuno wanapimwa wamenuna.

Tumeunda umoja wa wenye maduka. Mimi, bila kuomba, nimechaguliwa mwenyekiti. Muuza vyuma ni katibu. Mwezi wa saba baraza litakaa kikao cha wazi kuamua njia ibaki au ifutwe. Wewe ni mhandisi wa barabara. Nipe maneno ya kitaalamu ya kusema kwamba humo hapiti mtu. Kwa sababu hapiti mtu, mwanangu. Nimekaa kwenye dirisha hili miaka ishirini na sita.

Wasalimie wote.

Shangazi yako,
Mwenyekiti


30 Januari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika, na mkeo (maana anasema yeye ni wako kabla ya kuwa wangu) ameisoma kwa sauti mezani. Mjukuu wako ameng'oka jino la tatu. Amelihifadhi kwenye kiberiti na hataki mtu aliguse. Mwambie Mzee nimemtafutia vile vidude vya masikio vya kusaidia kusikia, vya kuchaji.

Hongera kwa uenyekiti. Mtaa umechagua vizuri, ingawa namhurumia katibu wako.

Sasa hiyo habari ya "hapiti mtu". Usiipeleke kikaoni hivyo ilivyo. Watakuuliza: siku gani? Saa ngapi? Mvua au jua? Shule zimefungua au zimefunga? Ukikosa jibu moja, watakupuuza na mengine yote. Hesabu, Shangazi. Hesabu siku za kazi na siku za mapumziko, andika na hali ya hewa. Andika wanaokwenda kinyume, wanaosukuma mikokoteni, na magari yanayosimama ndani ya njia. Usipunguze mtu na usiongeze.

Hoja za kitaalamu sitakuandikia. Ofisini nimepewa kazi mpya ambayo bado siruhusiwi kuieleza, na nisingependa kuchanganya mambo. Usinielewe vibaya.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Mzee amefurahia vidude vya masikio siku mbili, kisha akavitoa. Anasema kumbe mimi huongea sana.

Nimekuelewa vibaya kidogo, lakini nimehesabu. Nimetumia daftari la vipimo: upande huu mabega na viuno vya watu, upande ule baiskeli, kila moja mstari mmoja wa penseli. Siku ya kwanza, tangu kufungua duka saa mbili mpaka jua kuzama, nilipata mia moja themanini na nane. Nikasema nimekosea. Kesho yake nikapata mia mbili na tatu. Siku ya mvua tisini na saba, na hao tisini na saba waliolowa walinitia aibu mimi niliyekuwa nimekaa pakavu.

Muuza vyuma alipokuja kuchukua takwimu nikamwambia bado napanga. Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya mtu tangu nianze biashara, ukiacha wale ninaowaambia nguo itakuwa tayari kesho.

Kuna mwanamke mmoja, muuguzi wa hospitali kuu, umri wangu hivi. Mwanzoni mwa mwezi uliopita alisimama mlangoni, sketi imenaswa kwenye mnyororo.

"Dada, mkasi tafadhali. Baiskeli imenila pindo."

"Ingia, usikate. Nitakushonea."

Alikaa na taulo kiunoni nikimrekebishia, akaniambia yeye huanza kazi saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nikamuuliza anapita saa ngapi, maana mimi huwa sijafungua. Akacheka. Akasema, "Ukitaka kuona watu njoo saa kumi na moja alfajiri. Nyie wenye maduka mnaona mabaki."

Basi nimeanza kuja alfajiri. Goti, kwa ajabu, limepunguza kunidai.

Swali dogo. Mteja mmoja anauliza: kwenye baiskeli, hushikwa kwanza breki ya mbele au ya nyuma? Nikasema nina mtu wa kumuuliza.

Shangazi yako


15 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mkeo amehamishiwa duka kubwa la dawa karibu na nyumbani, kwa hiyo sasa tunakula pamoja jioni. Mjukuu wako anauliza kama cherehani inaweza kushona jino lirudi.

Mwambie mteja wako abane zote mbili pamoja, taratibu, ya nyuma ianze kidogo. Akibana ya mbele peke yake na mwendo ni mkali, atatangulia yeye na baiskeli itafuata. Na mwambie asikae pembeni ya gari refu linalokata kona, kwa sababu dereva hamwoni.

Huyo mteja ni wa umri gani, kama si siri?

Hiyo hesabu ya alfajiri, iendeleze. Nakuomba sana. Siwezi kueleza kwa nini.

Mwanao


28 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Hii ni barua ya pili bila jibu. Nilivunja sheria yako nikapiga simu. Mzee akapokea, akapiga kelele "Wote wazima, asante!" kisha akakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka.

Shangazi, kama nimekuudhi niambie. Kama ni ugonjwa, niambie zaidi.

Mwanao


9 Mei

Mwanangu

Usihangaike. Nisamehe mwandiko, unaonekana kama kuku amepita. Mkono wa kulia unauma kidogo, nadhani ni baridi ya alfajiri, basi natumia wa kushoto. Mzee anahesabu badala yangu. Amekaa dirishani, daftari mapajani, redio kazima kwa hiari yake. Anasema ikiwaka anapotewa na hesabu.

Sare za muhula mpya nimewapa wenzangu wawili wa mtaa wa nyuma washone.

Mkono umechoka.

Shangazi


26 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nyumbani wote wazima, na leo sitaleta habari nyingine za nyumbani.

Nitaanza na langu. Kampuni yetu ndiyo iliyopewa na baraza lenu kazi ya kutathmini njia za baiskeli katika mitaa sita. Mtaa wako ni wa nne. Nilijua tangu Januari. Uliponiomba hoja, nilikuwa tayari nina mkataba mezani unaonikataza kuzungumza na yeyote mwenye upande, na wewe ulikuwa mwenyekiti wa upande. Sikukudanganya, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ulikulipia wewe kwa kuandika kwa imani.

Sasa lako. Wiki iliyopita nilikuwa nasoma daftari la ajali la mtaa huo. Halina majina. Lina tarehe, saa, umri, kazi na maelezo machache. Nikafika kwa majeruhi wa tisa. Tarehe 11 Aprili, saa kumi na moja na dakika hamsini asubuhi, makutano. Mwanamke, miaka hamsini na nane, mshona nguo. Alikuwa anaendesha baiskeli. Amevunjika kifundo cha mkono wa kulia. Halafu askari aliyeandika akaongeza mstari mmoja: "Majeruhi alikataa kuingia kwenye gari la wagonjwa mpaka kitambaa cha mteja kiokotwe na kukunjwa."

Shangazi, nilifunga mlango wa ofisi. Jina lilikuwa la nini tena?

Nilikwenda kwa bosi siku hiyohiyo, nikamwambia, "Majeruhi wa tisa ndiye aliyenilea. Siwezi kuandika sura hii ya ripoti." Akampa mwenzangu mtaa wako, mimi nikabaki na mitano. Kwa hiyo leo nakuandikia nikiwa huru.

Sijui nikugombeze au nikupigie saluti. Niambie kilichotokea.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima, na mkono huu unaoandika ni wa kulia. Plasta imetolewa juzi. Umebaki mwembamba na mweupe kama mkono wa mtu mwingine, lakini sindano unashika.

Barua yako niliisoma nikakasirika nusu saa. Nilisema, mtoto huyu nimemlisha, leo ananificha? Kisha Mzee akauliza, "Na wewe ulimwambia lini kuhusu baiskeli?" Masikio hayasikii, lakini mahali pa kuchoma anapajua. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Tuyaache, tumetoka sare.

Ilikuwa hivi. Yule muuguzi alirudi kulipia sketi, akaniona nakwenda dukani kwa vitambaa kwa mguu, nachechemea. Akasema, "Goti lako halitaki kubeba, linataka kuzungushwa." Jumapili ile alinipeleka kwenye uwanja wa shule, amenishikia kiti kwa nyuma. Mimi, mwenyekiti wa umoja wa kufuta njia, nikizunguka goli kama mtoto wa darasa la pili, na namwomba Mungu asipite muuza vyuma. Jumapili ya tatu akaniachia bila kusema. Nilizunguka uwanja wote peke yangu, nikasimama kwa kugonga uzio.

Nilinunua ya kwangu, ya mtumba, rangi ya kijani. Siku nisizohesabu nikawa natoka alfajiri, kabla mtaa haujaamka, kwenda kuchukua vitambaa majumbani kwa wateja, narudi, naificha nyuma ya rafu. Ndiyo maana goti lilipona. Ndiyo maana niliuliza breki. Mteja wa umri gani, uliuliza. Nilicheka peke yangu mpaka Mzee akaja kuangalia.

Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Si haya ya kuendesha. Haya ya kula matapishi yangu mbele ya watu niliowaambia hapiti mtu.

Sasa ajali. Njia ya kijani haifiki makutano. Nenda kwenye ramani zako uangalie, mimi nimeipima kwa miguu: inaishia hatua ishirini na mbili kabla ya taa. Rangi inakwisha, vijiti vinakwisha, unajikuta uko katikati ya magari bila kuambiwa. Siku hiyo gari dogo la mizigo lilikuwa linakata kona. Dereva hakuwa mlevi wala mkorofi, hakuniona tu. Kitambaa kilikuwa mita tisa za hariri ya bibi harusi, mwanangu. Ungekuwa wewe ungekiacha barabarani?

Pale chini, nimeketi ukingoni nashika mkono, nilikuwa na hasira, na hasira ilinishangaza. Sikuwa nasema "waifute hii njia". Nilikuwa nasema "kwa nini hawakuimaliza?"

Nakutumia nakala ya daftari lote. Siku sabini na nne, za kwangu na za Mzee. Kama kwa mwenzako halina faida, alifungie karanga.

Shangazi yako


27 Juni

Shikamoo Shangazi,

Mkeo anasema ukija tena huku ni lazima umfundishe kuendesha. Anaogopa kusema hivyo mbele yangu, kwa hiyo amesema mbele yangu kwa sauti ya chini.

Daftari lako nimemkabidhi mwenzangu bila kuongeza neno. Alilifungua akiwa amesimama. Baadaye nikamwona amekaa, amevua viatu.

Kamera zetu, Shangazi, ziliwashwa saa moja asubuhi na kuzimwa saa moja jioni, maana mkataba ulisema hivyo. Zilipata wastani wa watu mia mbili arobaini kwa siku ya kazi. Daftari lako linaonyesha wengine mia moja thelathini wanaopita kabla ya saa moja: wauguzi, waoka mikate, wafagiaji, mafundi ujenzi. Zaidi ya theluthi ya watu wa njia hiyo walikuwa wanapita sisi tumelala. Mwenzangu alirudi huko na kamera siku nne, alfajiri, kukuhakiki, akilinganisha na hesabu zako za asubuhi hizohizo. Ulikosea watu watatu. Siku zote nne ukizijumlisha, watatu.

Nilisimama mlangoni kwake akinionyesha. Nilitaka kusema huyo ni shangazi yangu, lakini alikuwa anajua.

Mwanao


25 Julai

Mwanangu,

Tunamshukuru Mungu. Mzee amevaa vidude vya masikio siku nzima juzi, kwa sababu hakutaka kukosa hata neno. Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi.

Mwenzako alisema vizuri, polepole, bila maringo. Akaeleza kwamba katikati ya mtaa, miezi hiyohiyo mwaka uliopita, waliumia watu kumi na mmoja, na baada ya njia wakawa watatu. Lakini kwenye makutano walikuwa wawili wakawa sita, na wote sita waliumia pale rangi inapokwisha. Muuza vyuma akanong'ona, "Umeona? Sema sasa, sema wafute."

Nikaitwa. Nikaenda mbele na daftari langu.

Msimamizi akauliza, "Mwenyekiti, umoja wenu unasemaje?"

Nikasema, "Umoja ulinituma nije kusema hapiti mtu. Nimehesabu siku sabini na nne. Wanapita mia tatu na sabini kwa siku. Mimi ni mmoja wao."

Ukumbi ukapiga kicheko. Muuza vyuma akasimama, uso umemwiva. "Mama, umenunuliwa na nani?"

"Sijanunuliwa. Nimenunua. Baiskeli ya mtumba, na imenivunja mkono kwenye makutano yenu."

Nikawaambia sikuja kusifia. Nikasema wenye maduka tuna haki: tupewe sehemu ya kupakia na kupakua mizigo kwenye mtaa wa nyuma, asubuhi. Nikasema njia inayokutoa nyumbani kisha ikakutelekeza hatua ishirini na mbili kabla ya taa ni kama suruali iliyoshonwa mguu mmoja na nusu. Ama waimalize, ama waifute, lakini wasituache hapo. Kisha nikavua uenyekiti palepale, maana sikusema nililotumwa.

Wajumbe walipiga kura. Tisa kwa wanne. Njia inabaki, na inavuka makutano, ikiwa na kingo za zege na taa yake.

Nje muuza vyuma alinisubiri. Nilijua nitatukanwa. Akasema, "Kile kipande cha kupakulia mizigo, ungekisema mapema tusingegombana na baraza miezi sita." Nikamwambia mapema sikuwa najua kuhesabu. Uenyekiti amechukua yeye. Anaufaa, ana sauti.

Tulipofika nyumbani Mzee akasema, "Nimesikia yote." Akavitoa vidude akaviweka mezani, na macho yalikuwa yamemlowa.

Shangazi yako, bila cheo


10 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza peke yangu, ya pili kwa mkeo, ya tatu kwa mjukuu wako ambaye aliuliza suruali ya mguu mmoja na nusu inavaliwaje, na ya nne ofisini, kwa sababu bosi aliniomba.

Ripoti imetoka. Ukurasa wa thelathini na moja kuna jedwali lenye kichwa "Hesabu ya mshona nguo", na chini yake maelezo kwamba imehakikiwa. Na agizo limepita: tangu sasa kila mtaa tutakaopima, kamera zitawashwa saa kumi na moja alfajiri. Mitaa yangu mitano nairudia yote upya. Vijana wa ofisi wananuna kuamka. Nawaambia wakanune kwa shangazi yangu.

Nimesoma vyuo viwili, Shangazi. Kazi yangu ni kuhesabu watu barabarani. Wewe ndiye uliyenionyesha niliowaacha. Nasema hivi kwa kila anayenisikiliza, na wameanza kunikimbia.

Mwanao


9 Novemba

Mwanangu,

Sisi wazima, na goti halina neno. Mkeo akija Desemba uwanja wa shule uko wazi Jumapili, na muuguzi ameahidi kushika kiti.

Zege imekauka, taa imewashwa juzi Jumatatu. Nilikwenda alfajiri, si kwa kitambaa, kwa kuiona tu. Tulikuwa watu kumi na watano hivi tumesimama kwenye ile kijani mpya, muuguzi mbele, mwoka mikate ubavuni kwangu, mguu mmoja chini kila mtu. Upande wa pili likaja lori la mchanga, limejaa, injini inatetemesha lami. Taa yake ikawa nyekundu. Ya kwetu, yenye kibaiskeli kidogo ndani, ikawa kijani.

Wenzangu wakaondoka haraka, wana zamu. Mimi sikuwa na haraka. Nilikaa sawa kwenye kiti, nikashika usukani kwa mikono yote miwili, na nikavuka makutano yale kwa mwendo wangu, polepole, kutoka ukingo mpaka ukingo. Na lile lori zima, na mzigo wake wote, likanisubiri.

Shangazi yako